Kijiba cha Roho Kila Alfajiri

Meza ile ilikuwa ya Fundi. Hilo tuliweke wazi mapema, maana watu wakisikia kisa hiki huanza kumwonea huruma wifi yake kabla hata hawajajua meza ni ya nani. Aliinunua mwenyewe kwa jasho la kushona sare za shule, meza pana ya mbao ngumu, akaiweka sebuleni chini ya dirisha linalopata mwanga kabla ya madirisha mengine yote. Hapo ndipo alipokata vitambaa. Watoto walipokuwa wadogo hawakuruhusiwa hata kuiegemea, na sasa wako shule ya bweni lakini wakija likizo bado wanaizunguka kwa adabu.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la mikate, mtu mpole, mkimya, wa kuamka na kuku. Alimwita mkewe Fundi, kama mtaa mzima na kanisa zima walivyomwita. Siku dada yake mkubwa alipofiwa na mume, akapata uhamisho kuja hospitali ya karibu, Dereva alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama dada anaweza kukaa nao. Fundi alikubali bila kinyongo. Alitoa shuka mpya kabatini, akamshonea mgeni magauni mawili ya kazini na hakutaka asante. Tusimfanye mbaya toka mwanzo. Alikuwa mwema kweli, mpaka alipoguswa pale pasipoguswa.

Nesi, ndivyo alivyoitwa huyo wifi, alikaa wiki chache kimya na ufiwa wake, kisha siku moja akauliza kama anaweza kuitumia meza ile alfajiri kabla ya kwenda kazini. Alikuwa na mazoea ya kuandika. Anasoma kipande cha Biblia, anaomba, halafu anaandika ukurasa mmoja kuhusu alichosoma na alichokiona wodini jana yake. Alianza alipofiwa, na hataki kuacha. Fundi akamjibu, kwa mdomo mtamu, kwamba meza ni yake, wifi, ajisikie nyumbani. Laiti angeung'ata ulimi!

Nesi aliamka kweli. Mvua, baridi, ametoka zamu ndefu, hana habari. Kalamu ikianza haitui. Siku jirani mmoja alipomuuliza anapata wapi hamu ya kuandika asubuhi yote hiyo, alisema hamu haimhusu. Kuandika ni zamu. Mtu haingii zamu kwa sababu ana hamu na wagonjwa, anaingia kwa sababu jina lake liko kwenye ratiba, na hamu ikitaka itamkuta huko huko ndani. Kila mtu aliona ni maneno mazuri. Fundi pia aliona, na hilo ndilo lililomuudhi, kwa sababu yeye ana miaka na miaka anashona pindo bila hamu na hakuna aliyewahi kulitoa hilo kama neno la busara.

Halafu ikaja chai. Dereva siku zote alijichemshia chai yake alfajiri, kikombe kimoja, akanywa amesimama, akaondoka. Sasa akawa anachemsha vikombe viwili. Kimoja anakibeba kwa mikono miwili, taratibu kisimwagike, anakiweka mezani karibu na mkono wa dada yake, tena juu ya meza ambayo haikuwahi kuwekewa hata glasi ya maji. Haki itendeke: miaka yote hiyo saa ya chai Fundi alikuwa amelala fofofo, na chai haimfuati mtu ndotoni. Lakini wivu hauna muda wa kupiga hesabu kama hizo. Asubuhi moja aliamka kwenda msalani, akaiona ile picha kupitia mlango, mumewe anaweka kikombe, dada mtu anatabasamu bila kuinua kichwa. Akarudi kitandani akajifunika gubigubi.

Na kanisani je? Mchungaji alikuwa na utaratibu kwamba kabla ya mahubiri mtu mmoja anasoma tafakari fupi aliyoandika mwenyewe. Wengi walisoma vitu vya kulaza watu. Siku Nesi aliposoma, alisoma habari za mzee mmoja wodini ambaye kila asubuhi alikunja nguo ya hospitali vizuri, akaiweka juu ya mto wa kitanda, akakaa tayari kwenda nyumbani, wakati kila mtu alijua haendi. Nesi akasema hivyo ndivyo angependa kumngoja Bwana. Mama wa kwaya alilia wazi wazi. Nje baada ya ibada watu walimzunguka Nesi kama bibi harusi, na wawili watatu wakamgeukia Fundi kumwambia ana bahati gani kuishi na wifi wa namna hiyo. Fundi akajikaza kisabuni, akasema ndiyo, ni bahati sana.

Toka siku hiyo Nesi akawa anasoma karibu kila Jumapili. Na Dereva, ambaye hajawahi kusema neno moja juu ya sare alizoshona mkewe zinazovaliwa na nusu ya watoto wa eneo lile, akawa njiani anarudia maneno ya dada yake. Dada kasema hivi, dada kaandika vile. Fundi alikuwa anatazama dirisha la gari na kuhesabiana na Mungu kimoyomoyo. Nyumba yake, meza yake, mume wake, kanisa alilobatiziwa yeye. Amebakiwa na nini? Kijiba cha roho kikamwota hasa, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Basi akaamua kuichukua meza. Alimwambia wifi, tena kwa upole wa kupigiwa mfano, kwamba amepata oda kubwa ya sare na itabidi aanze kukata alfajiri, amsamehe. Nesi akasema hakuna neno. Kesho yake Fundi aliamka gizani, akawasha taa, akakaa. Oda haikuwepo. Mezani hapakuwa na kitambaa hata kipande. Alikaa pale amekunja mikono kama mlinzi wa geti, na Nesi akapita na kigoda na sinia, akaenda kukaa kwenye korido, sinia magotini, akaandika hivyo hivyo.

Dereva akatoka jikoni na vikombe viwili. Akashtuka kumwona mkewe macho. Fundi akajiweka vizuri kitini, akangoja. Dereva akamuuliza kama anaumwa. Alipojibiwa haumwi, akasema vizuri, akampita, akapeleka kikombe kwenye korido.

Hapo, nakwambia, mwanamke angeweza kuvunja kitu. Fundi hakuvunja. Alichukua karatasi ya kaki, ile ya kukatia vipimo, na kalamu, akaandika kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Bwana, mwone huyu. Ndivyo alivyoanza. Mwone anavyokunja taulo pande tatu kana kwamba sisi wengine tulizikunja vibaya maisha yetu yote. Mwone anavyocheka polepole. Mwone anavyosema asante kwa kila kitu mpaka mtu anajisikia hana adabu nyumbani kwake. Akajaza karatasi, akaikunja, akaitia kwenye jiko la mkaa wakati wa kupika uji. Ilikuwa kati yake na Mungu tu. Na tuseme ukweli, alijisikia nafuu, kama mtu aliyetapika.

Kesho yake akaamka tena. Ilibidi, maana akilala tu meza inarudi kwa mwenzake. Na ukishakaa mezani alfajiri, mumeo anakuona, huwezi kukaa mikono mitupu, kwa hiyo akaandika tena. Zilikuwepo asubuhi ambazo hakuwa na la kulalamikia, amelala vizuri, wifi hajamkosea. Siku hizo alikaa na kalamu mdomoni akichunguza jana yote, anatafuta, na mwisho lazima apate. Wifi alikohoa kwa madaha. Wifi alimsifu mboga kwa sauti ya kumsifu mtoto. Alijiambia kwamba wapo watakatifu waliomlalamikia Mungu juu ya adui zao na Mungu hakuwafukuza. Mwili ukazoea. Alikuwa anafungua macho kabla jogoo wa jirani hajakohoa, miguu inatafuta ndala yenyewe. Aliomba kidogo, kwa sababu alikuwa anaona aibu kuanza kusema mtu bila kusalimia, akasoma kipande cha Biblia, kwa sababu Nesi anasoma na yeye hashindwi, halafu akamwandika wifi yake. Hakukosa siku. Nesi mwenyewe alikosa, zamu zikimwelemea alilala. Fundi hakukosa.

Sasa sikia kilichompata. Jumapili moja Mchungaji alisimama akatangaza kwamba Nesi amepangiwa zamu za mwisho wa wiki, na wanahitaji mtu wa kushika ile nafasi ya kusoma tafakari. Akauliza nani anajitolea. Watu wakaangalia viatu vyao. Nesi akasimama, bila hila yoyote, uso unang'aa kwa furaha, akasema wifi yake hapa anaandika kila alfajiri, anaandika kumzidi yeye, ila ni mnyenyekevu tu hasemi. Kanisa zima likageuka. Dereva alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Mchungaji akasema Jumapili ijayo tutamsikia mama yetu Fundi.

Wiki ile Fundi hakula vizuri. Alichokuwa anakitamani kimeletwa mlangoni, na ndani ghalani hana kitu ila masengenyo. Alikaa alfajiri kujaribu kuandika neno la kujenga, kalamu ikakauka. Alijaribu upendo, akajaribu uvumilivu, ikawa maneno ya kadi. Ijumaa, roho mkononi, akafanya lile ambalo kila fundi mwenye haraka hulifanya: akachukua nguo ya mwenzake akakatia hapo hapo. Nesi alikuwa na mzee wake wodini? Na yeye akamtunga mzee wake, mteja. Mzee analeta koti lake la harusi kurekebishwa kila mwaka, mke wake amekwisha kufa, lakini anataka koti liwe tayari. Akamalizia kwamba hivyo ndivyo tumngoje Bwana.

Jumapili akasoma. Mama wa kwaya akalia tena. Nesi alikuwa amekaa benchi la nyuma na gauni la kazini, akaondoka kabla ya wimbo wa mwisho kuwahi zamu. Nje watu wakamzunguka Fundi, wakamshika mikono, na Mchungaji akamvuta pembeni akamwambia anataka nafasi ile iwe yake kabisa, afikirie, ampe jibu katikati ya wiki. Fundi alitembea kuelekea kwenye gari kama hana uzito. Dereva akamfungulia mlango, jambo ambalo hakulifanya toka walipooana.

"Umesoma vizuri sana," akamwambia. "Ungedhani ni dada."

Fundi akaufunga mlango mwenyewe.

Jumanne jioni walikuwa wawili tu jikoni, Fundi anaosha vyombo, Nesi anafuta. Dereva alikuwa gereji. Nesi alifuta sahani moja muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akauliza kama anaweza kumwambia wifi yake kitu bila kununiwa. Fundi alijua atanuna, lakini akasema aambiwe.

"Ile ya Jumapili ilikuwa sauti yangu, wifi. Yule mzee wa koti hayupo."

Fundi angeweza kukana. Angeweza kuuliza kama wazee wote duniani ni wa Nesi. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini alikuwa amechoka, mikono ndani ya maji ya sabuni, na kuna uchovu unaomfanya mtu aseme kweli kwa sababu ndiyo fupi.

"Hayupo," akasema.

"Sasa kila asubuhi pale mezani unaandika nini? Nakuona. Hupumziki."

"Nakuandika wewe."

Nesi akaweka sahani chini. Fundi hakumtazama, aliongea na sufuria. Akamwambia yote: taulo, kicheko, asante, chai, kanisa, meza. Akamwambia oda haikuwepo hata siku moja. Nesi akasema hilo alilijua, alikuwa anapita pale kila asubuhi na hakuona kitambaa. Kisha akauliza kama katika yote yaliyoandikwa kuna jema.

"Hata moja," Fundi akajibu.

"Na unamwandikia nani?"

"Mungu. Nani mwingine atanisikiliza humu ndani?"

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata siku ile nilipokuwa na homa?"

"Siku ile niliandika kwamba unadeka."

Nesi akaanza kucheka, kile kicheko chake cha polepole kinachokera, akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda, halafu Fundi akaona kwamba si kicheko tena. Akasimama na mikono inayochuruzika povu, hajui aiweke wapi.

"Marehemu alikuwa ananitaja kwa Mungu kila asubuhi," Nesi akasema. "Alipokufa nikajua basi, hakuna tena mtu duniani atakayenitaja kila siku. Ndiyo maana ninaamka kuandika, wifi. Najitaja mwenyewe. Na siku nikizidiwa na usingizi nalala nikijua leo hakuna aliyenitaja." Akajifuta uso kwa kile kitambaa cha vyombo. "Kumbe ulikuwepo. Tafadhali usiache. Hata kama ni mabaya."

Akainuka akamalizia kufuta vikombe. Fundi alirudi kwenye sufuria akaisugua pasipo na uchafu. Mtu angetegemea moyo wake ulainike pale pale wakumbatiane, sivyo? Haikuwa hivyo. Alijaa hasira mpya kabisa. Huyu mwanamke hata wivu wake amemnyang'anya, akaugeuza sala, tena kwa maneno mazuri ambayo yeye Fundi asingeyapata hata angekaa mezani mpaka uzee. Sasa amebakiziwa nini cha kwake? Alilala amempa Dereva mgongo.

Alfajiri miguu ilitafuta ndala. Korido ilikuwa tupu, Nesi alikuwa amelala, zamu ilikuwa imemmaliza. Fundi akawasha taa, akaomba kidogo, akasoma, akashika kalamu. Bwana, mwone huyu. Hapo akasimama. Aliyajua yote ya kuandika, yalikuwa yamejipanga, taulo mbele kabisa. Lakini sasa alijua kwamba asipomwandika, leo hakuna aliyemtaja. Na akimwandika taulo, ndivyo atakavyokuwa ametajwa leo, mjane mzima, mbele za Mungu: kwa taulo.

Akatafuta jambo jema. Usimcheke, jaribu wewe na mtu unayemwonea wivu. Alichopata kwanza ni kwamba wifi ana mikono mizuri, akaliacha kwa sababu liliuma. Akapata kwamba anapendwa, hilo likauma zaidi. Dereva akatoka jikoni, akakuta mkewe ameshika kichwa, hakuna neno lililoongezeka kwenye karatasi, akapita kwa kunyata. Jua lilishafika kwenye cherehani ndipo alipoandika kwamba huyu mtu aliona meza tupu kila asubuhi na hakumsema kwa mumewe hata siku moja. Mstari mmoja. Mkono ulimuuma kuliko siku alizojaza kaki nzima.

Mchana alifunga kazi mapema akaenda kanisani. Mchungaji alikuwa ofisini kwake anapambana na feni isiyozunguka. Alifurahi kumwona, akamvutia kiti, akasema jina lake ameshaliweka kwenye ratiba ya mwaka mzima, anachosubiri ni ndiyo yake tu. Nafasi yenyewe ile, kanisa lote lile, na Dereva kwenye benchi la mbele. Fundi aliitamani wakati anafungua mdomo, na aliitamani alipomaliza kusema.

"Mpe mwingine, Mchungaji. Mimi siko tayari."

Mchungaji alishangaa. Akamkumbusha jinsi watu walivyoguswa, akamwambia vipawa havifichwi, tena amesikia kwamba anaandika kila siku bila kukosa.

"Ninaandika," Fundi akasema. "Lakini mpaka sasa nina mtu mmoja tu ninayemwandika, na sijamaliza naye."

"Utamaliza lini, mama?"

"Hapo sijui," Fundi akasema, akainuka. "Leo ndiyo nimeandika jema lake la kwanza."